Alama Zilizofutwa Alhamisi

Jumatatu asubuhi, shule nzima ikisubiri ratiba ya mitihani, kompyuta ya sekretari iligoma. Alibonyeza kuhifadhi, skrini ikamwambia diski imejaa. Akabonyeza tena, ikamwambia vilevile. Chini ya meza lile sanduku la kijivu lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga, nalo lilikuwa na moto kiasi kwamba paka wa shule alikuwa amezoea kulala ubavuni mwake.

Sekretari huyo walimu walimwita Mama Nakala. Alikuwa na miaka ishirini na nane kazini, na tangu enzi za taipureta alikuwa na tabia moja: ukimpa barua ya mistari miwili, anatoa nakala tatu, moja ya kwako, moja ya jalada, na moja ya kabati lake mwenyewe ambalo funguo zake alizifunga kwenye ncha ya kitenge. Zamani jina hilo lilikuwa la kumsifu. Kwa miaka kumi na moja iliyopita lilikuwa la kumchoma, na waliolitamka walijua hivyo.

Miaka hiyo kumi na moja nyuma, alama za karakana za wanafunzi ishirini na tatu wa kidato cha mwisho zilipotea. Karakana ilikuwa nusu ya alama zote za somo la ufundi. Idara ya mitihani ilisubiri, haikupata kitu, ikaandika mbele ya majina yote ishirini na tatu kwamba hawakufanya. Mama Nakala ndiye aliyezichapa alama zile. Alisema alizichapa, akazihifadhi kwenye kompyuta, akaiweka karatasi iliyochapwa, pamoja na ile ya mkono ya mwalimu wa karakana, juu ya meza ya makamu mkuu wa shule, kisha akaondoka kwenda kumzika mama yake mzazi. Makamu alisema hakuona karatasi yoyote mezani kwake. Wakafungua kompyuta, hamna kitu. Siku hiyo printa ilikuwa imeishiwa wino baada ya nakala ya kwanza, kwa hiyo kabatini nako hamkuwa na kitu. Kikao kikaamua kwamba sekretari, kwa ugeni wake wa kompyuta, alizifuta bila kujua. Akapewa barua ya onyo.

Yeye mwenyewe alifikia mahali akaamini. Ndiyo kwanza alikuwa na miezi sita na kompyuta ile. Labda kweli kidole kiliteleza. Alilala na neno hilo, "labda", miaka yote hiyo, akaamka nalo.

Makamu yule sasa alikuwa ndiye mkuu wa shule.

Jumanne mkuu alimleta fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba na mkoba uliojaa bisibisi. Mkuu alisimama mlangoni akatoa maagizo bila kuingia. "Toa ratiba na orodha ya wanafunzi wa sasa. Vingine vyote futa. Wiki ijayo tunaletewa kompyuta mpya, hili boksi litakwenda kwa wauza vyuma chakavu."

"Mkuu, humu mna miaka kumi na mbili ya shule," Mama Nakala akasema.

"Miaka kumi na mbili ya takataka," mkuu akajibu, akaenda zake.

Fundi alivuta kiti. "Dada, usiwe na wasiwasi. Mimi huwa sifuti kitu cha mtu kabla hajakiona." Akaanza kupekuapekua. Kwenye folda ya michezo akakuta mechi moja ya mpira wa miguu imehifadhiwa mara nne, kila mwalimu na nakala yake, na shule yenyewe ilifungwa tano bila. Wakaicheka, wakabakiza moja. Wakafuta picha za mahafali zilizotoka giza tupu. Baada ya nusu saa fundi akaangalia nafasi ya diski, akakunja uso.

"Mbona haipungui? Unamwaga pipa lini?"

"Pipa gani?"

"La taka."

"La taka liko nje, kwa wapishi."

Fundi alimtazama aone kama anatania, akaona hatanii. "Dada, ukifuta faili, haliondoki. Linahamia kwenye pipa la humu ndani, linakaa pale, linakula nafasi ileile iliyokuwa inaliwa mwanzo. Mpaka ulimwage. Huwa kuna alama ya pipa hapa kwenye skrini."

"Hii haina. Sijawahi kuiona."

"Zote huja nayo. Mtu ameificha." Akabonyeza huku, akabonyeza kule, na kwenye kona ya skrini kikatokea kipipa kidogo kilichofurika makaratasi. Fundi akapiga mluzi. "Na aliyeifunga kompyuta hii aliliruhusu pipa lichukue karibu nusu ya diski. Ndiyo maana unakabwa. Nilimwage?"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya. Mama Nakala akaushika mkono wake.

"Subiri. Vilivyomo vinaonekana?"

"Vinaonekana. Jina, kilikotoka, na siku kilipofutwa."

"Vipange kwa siku. Anza na vya zamani kabisa."

Fundi akavipanga. Vilishuka kwenye skrini mstari kwa mstari, na mstari wa tatu kutoka juu ulikuwa na jina alilolichapa kwa vidole vyake: Karakana, Kidato cha Mwisho, Alama. Kando yake paliandikwa Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Mama Nakala alisoma mstari ule akasimama, akaketi, akasimama tena. Alhamisi ya tarehe kumi na nne. Saa nne asubuhi siku hiyo alikuwa kando ya kaburi, safari ya siku nzima kutoka pale, dada zake wawili wamemshika mikono. Akafungua kabati, akatoa jalada la kijani, akachomoa fomu yake ya likizo ya msiba. Kuanzia Jumanne hadi Jumatatu iliyofuata. Aliyeidhinisha: makamu mkuu wa shule. Aliyekabidhiwa funguo za ofisi: huyohuyo.

"Dada, unalia?" fundi akauliza.

"Silii. Fungua na hilo la chini yake."

Lililofuata lilikuwa limefutwa dakika moja baada ya lile la alama. Lilikuwa barua. Fundi alipolirudisha na kulifungua, walisoma wote wawili kimyakimya:

"Kwa Mkurugenzi wa Mitihani. Nasikitika kukujulisha kwamba alama za karakana za wanafunzi wetu ishirini na tatu, zilizopaswa kukufikia jana, bado ziko mezani kwangu. Kosa hili ni langu peke yangu. Naomba kwa heshima zote"

Ikaishia hapo. Chini palikuwa na jina la makamu na cheo chake, tayari kwa sahihi.

Mama Nakala alikuwa amejiandaa kwa hasira, ikamjia na kitu kingine asichokitarajia. Mtu yule alianza kusema kweli. Aliketi kwenye kiti hikihiki, akaandika sentensi mbili safi, akakaribia kabisa. Halafu akafuta alama, akafuta na barua ili pasiwe na cha kumuumbua, akalificha pipa. Labda hakujua kulimwaga, au alijua akaogopa kubonyeza mara ya mwisho. Kwa ajili ya siku moja ya kuchelewa.

"Yatoe yote mawili," akasema. "Weka kwenye flashi. Halafu nipe na picha ya huo mstari wenye tarehe. Chapa nakala tano tano."

"Tano?"

"Unadhani jina langu nilipewa bure?"

Printa ilikuwa inatema karatasi ya tisa mkuu alipoingia. Hakubisha hodi. "Fundi, bado tu?"

Fundi alikohoa. "Kuna vitu mama anavipitia kwanza, mkuu."

"Nilisema vifutwe."

"Kimoja ni chako," Mama Nakala akasema, akamnyooshea karatasi.

Mkuu alisoma amesimama. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe, alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma tena ingawa barua ilikuwa fupi. Kisha akamwomba fundi atoke nje kidogo.

"Fundi atakaa," Mama Nakala akasema.

"Mama, tuzungumze kama watu wazima."

"Yeye naye ni mtu mzima."

Mkuu akashusha sauti. "Umebakiza miezi mitano ustaafu. Barua zako zote zinapita mezani kwangu, na unajua sijawahi kukubania. Haya ni mambo ya kale. Wale watoto wameshakuwa watu na familia zao. Tumwage hilo pipa, kila mtu aendelee na maisha yake."

"Wewe uliendelea na maisha yako. Ukapanda hadi kile kiti. Mimi niliambiwa nina vidole vya matope."

"Nilikuwa mgeni kazini. Nilikuwa na mambo mengi wiki ile."

"Na mimi nilikuwa namzika mama yangu."

 Mkuu aliinama, akaupapasa waya wa umeme unaoingia ukutani. Mama Nakala alisukuma kiti chake hadi kwenye soketi, akaketi pale, mwili wake wote mkubwa, mikono imekunjwa kifuani. Mkuu wa shule akajikuta amepiga magoti mbele ya sekretari wake, waya mkononi, na mlango uko wazi.

"Hata ukiuchomoa, mkuu," fundi akasema kwa upole, kama anayemweleza mteja, "vya kwenye pipa havipotei. Vinakaa kwenye diski."

"Futa," mkuu akamwambia Mama Nakala. "Hilo ni agizo."

"Sifuti."

"Unakataa agizo la mkuu wa shule?"

"Nakataa. Ukitaka, niandikie onyo. Nitalitolea nakala."

Mkuu aliinuka, akapangusa magoti, akatoka. Fundi alisubiri mpaka hatua zake zilipofika mwisho wa korido. "Na flashi?" akanong'ona. Mama Nakala akajipiga kifuani, ndani ya blauzi. Ilikuwa huko tangu karatasi ya kwanza.

Saa sita na nusu alivuka barabara. Mbele ya lango la shule palikuwa na karakana ya kuchomelea, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na tatu, na inasemekana alikuwa bora kuliko wote. Chuo cha ufundi kilimkataa kwa kukosa alama. Alijifunza kazi kwa mjomba wake, akafungua karakana yake palepale mkabala na shule, na tangu aifungue hakuwahi kumwamkia sekretari. Mama Nakala alikuwa akipita pale kila asubuhi huku akitazama viatu vyake.

Cheche alizima moto, akainua kofia ya kuchomelea. "Lango lenu limeharibika tena?"

"Lango ni zima. Nimekuletea alama zako."

Akaipokea karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Alilitafuta jina lake kwenye orodha, mstari wa saba. Tisini na mbili. Akaisoma karatasi ya pili, ile ya barua, na ya tatu yenye tarehe, na fomu ya likizo. Alichukua muda mrefu. Kisha akaenda ndani, akarudi na kiti cha chuma alichokitengeneza mwenyewe, akakiweka kivulini.

"Kaa, mama," akasema. Akaongeza, "Nilikutukana sana. Si kwa mdomo. Moyoni."

"Nilisikia."

"Sasa tunafanyaje?"

"Bodi ya shule inakaa Ijumaa. Wewe unajua wenzako wako wapi. Mimi nina namba za zamani tu."

"Watakuruhusu kuingia?"

"Mimi ndiye ninayeandika muhtasari wa kikao. Lazima nikae humo."

Ijumaa waliingia kumi na mmoja. Wengine walikuwa na sare za kazi, mmoja na mtoto mgongoni. Hapakuwa na viti vya kuwatosha, wakasimama ukutani mstari mmoja, kama walivyokuwa wakisimama kusubiri kuitwa majina. Mwenyekiti wa bodi alitaka kujua kwa nini jambo kama hili halikuletwa kwanza kwa faragha, kwa barua ya siri.

"Kwa sababu mimi sikuaibishwa faraghani," Mama Nakala akasema. "Nilisomewa onyo mbele ya walimu thelathini. Wengine wamo humu."

Mkuu alijitetea kwamba kompyuta ni kuukuu na saa yake huenda inadanganya. Fundi, aliyekuja bila kuitwa na mtu yeyote isipokuwa Mama Nakala, akasema inawezekana kabisa saa kudanganya. "Lakini saa haiandiki barua," akasema, akakaa. Watu ukutani wakacheka, na mwenyekiti hakuwanyamazisha.

Mkuu aliombwa aisome barua ile kwa sauti. Alisoma hadi "kosa hili ni langu peke yangu," akasimama hapo, akaiweka karatasi mezani, akasema, "Niliandika. Nilifuta. Nilidhani ningepata njia nyingine kabla ya jioni."

Hakusema samahani, si siku hiyo wala baadaye. Walimvua ukuu wa shule, wakampeleka kwenye ofisi fulani ya kuhesabu madawati. Mama Nakala alimngoja amwambie hata neno moja siku anafungasha vitabu vyake, lakini mtu yule akapita mlangoni na maboksi mawili, macho mbele. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Barua ya onyo iliondolewa kwenye jalada lake, naye akadai barua ya pili inayosema kwamba ile ya kwanza imeondolewa na kwa nini, na akadai isomwe kwenye kikao cha walimu. Mkuu mpya aliona ni makuu. Aliisoma hata hivyo, kwa sababu sekretari alisimama kando yake mpaka akaisoma.

Idara ya mitihani ilizungushazungusha. Ilitaka karatasi ya mkono, ikaambiwa haipo. Ilitaka mwalimu wa karakana, naye, mzee mstaafu, akasafiri mwenyewe na kuapa kwamba zile ndizo alama alizozitoa. Ilichukua miezi minne ya barua na simu na kukaa kwenye mabenchi ya watu. Mwishowe vyeti vipya vikatoka, na idara ikaagiza kila mmoja aje asaini cha kwake mwenyewe kwenye ofisi ya shule. Cheche alisaini cha kwanza. Alisema hana mpango wa kwenda chuo, ana vijana watatu anaowafundisha kazi, ila chuo kile kilimwandikia kumkataa na sasa anataka kukiandikia yeye.

Vyeti ishirini na mbili vikaondoka. Kimoja kikabaki kwenye droo, na wenzake wakaeleza kwa nini. Huyo alifariki miaka mitatu nyuma, ajali ya pikipiki. Mkuu mpya alishauri kirudishwe idarani kwa kuwa mwenyewe hayupo, na utaratibu ni utaratibu.

Mama Nakala hakukirudisha. Alitafuta, akauliza, akapata namba ya mama wa marehemu.

Mama huyo alikuja siku ya mwisho ya Mama Nakala kazini. Alikuwa mwembamba, amevaa viatu vya kufunga vilivyopakwa rangi upya. Hakuketi mpaka alipoonyeshwa kiti mara mbili. Alikishika cheti kile, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Macho yangu hayasomi maandishi madogo," akasema. "Alipata ngapi?"

"Karakana, themanini na moja."

"Aliniambia alifaulu. Baba yake akambishia hadi siku ya ile ajali, akimwita mvivu. Themanini na moja ni nyingi?"

"Ni nyingi, dada. Wanne tu ndio waliompita."

 Kwenye fomu ya kupokelea cheti palikuwa na mstari wa sahihi ya mwenye cheti, na chini yake onyo kwamba hairuhusiwi mtu mwingine kusaini. Mama Nakala akachukua rula na kalamu nyekundu, akalikata onyo lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa ofisini, herufi kwa herufi: Mama mzazi. Akamsogezea.

"Saini hapa."

"Hawatakusumbua?"

"Wakitaka kunisumbua watanikuta nyumbani."

Yule mama alisaini polepole, jina refu la mwanawe kwanza, kisha lake. Halafu akakirudisha cheti mezani, akakilaza mbele ya Mama Nakala, na kwa kidole akagusa mahali alipodhani namba ilikuwa.

"Nisomee tena," akasema. "Soma kwa sauti, baba yake yuko hapo nje dirishani."

Mama Nakala akainuka, akafungua dirisha lote, akasoma.